UZI: Mwaka wa kwanza chuo kikuu, mambo ya kuwahi kabla wiki ya nane haijafika

Kengele_Haipigwi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Wadogo zetu waliomaliza form six wanafungasha mabegi, na kila mwaka maswali ni yale yale. Naweka hapa mambo ambayo wiki ya utambulisho husemwa haraka haraka ukumbini, watu mia tano wamebanana, na mtu anatoka bila kushika chochote. Nazungumzia vyuo vikuu vya Tanzania, shahada ya kwanza.

Naanza na alama, maana hapo ndipo mtu anaumia na hajui ameumia lini. Kozi nyingi zimegawanywa 40 kwa 60: alama 40 ni za kazi za muhula (majaribio, asaimenti, semina) na 60 ni za mtihani wa mwisho, UE. A inaanzia 70, B+ ni 60 hadi 69, B ni 50 hadi 59, C ni 40 hadi 49. Chini ya 40 umefeli hiyo kozi.

Aliyetoka Advance amezoea mtihani mmoja wa Taifa unaoamua yote mwishoni. Anakuja na mazoea hayo hayo: jaribio la kwanza analichukulia kama la kupasha misuli, anasema "nitakaza UE". Sasa tupige hesabu. Mwenye 18 kwenye 40 anahitaji 42 kati ya 60 ili apate B+, na 52 kati ya 60 ili apate A. Mwenye 30 kwenye 40 anahitaji nusu tu ya UE, yaani 30, apate B+ ile ile, na 40 apate A. Karatasi ni moja, msahihishaji ni mmoja, ila wa pili aliingia chumba cha mtihani kazi imeshapungua. Na majaribio hayo huanza mapema, kwenye wiki ya sita au ya saba, wakati wengine bado wanatafuta chumba.

Kuna vyuo pia havikuruhusu kufanya UE kama kazi za muhula hazijafika 16 kati ya 40, au kama mahudhurio yako yako chini ya asilimia 75. Kitabu cha kanuni za mitihani kipo kwenye tovuti ya chuo chako. Kipakue wiki ya kwanza, tafuta mambo matatu: kiwango cha kazi za muhula, kiwango cha mahudhurio, na GPA (wastani wa ufaulu) ambayo chini yake mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Vyuo havifanani kwenye haya, msiazimane majibu.

---

Mtoto_wa_Rungwe #2

Mkuu umegusa penyewe. Naomba ufafanue na krediti, maana wengi wanaona kozi zote ni sawa.

---

Kengele_Haipigwi #3

Sawa mkuu. GPA haipatikani kwa kujumlisha alama na kugawa kwa idadi ya kozi. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti.

Chukua muhula wenye kozi tatu za krediti 12 na mbili za krediti 8. Kwenye zile kubwa umepata A, B+ na B: hizo ni 60, 48 na 36. Zile mbili ndogo, tuseme Development Studies na Communication Skills, umezidharau, umeambulia C mbili: 16 na 16. Jumla 176, gawa kwa 52, unapata 3.38. Inaandikwa 3.3, kwa sababu GPA hukatwa kwenye desimali moja, haipandishwi. Uko daraja la pili la chini, ambalo ni 2.7 hadi 3.4.

Sasa weka B+ kwenye zile kozi mbili ndogo, usiguse kingine. Jumla inakuwa 208, gawa kwa 52, unapata 4.0. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5 hadi 4.3, na la kwanza ni 4.4 kwenda juu. Kozi za pamoja ambazo watu wanaziita za kujazia ndizo zimebeba tofauti yote hiyo.

Krediti moja ni saa 10 za kazi, ukihesabu darasani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukizigawa kwa wiki kumi na tano ni saa 8 kwa wiki. Kama vipindi na semina ni saa tatu, basi tano ni zako mwenyewe. Muhula wa krediti 60 ni saa 40 kwa wiki, sawa na kazi ya mtu aliyeajiriwa. Ratiba ya darasani ukiitazama ina mashimo mengi meupe, mtu anadhani ni muda wa bure. Mashimo hayo ndiyo hizo saa tano za kila kozi.

---

Dirisha_la_Mikopo #4

Wadau, ngoja niingie kwenye boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, kabla watu hawajaanza kubahatisha.

Kiwango kamili cha chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kilikuwa 8,500, kikapanda mwaka wa masomo 2022/2023. Hela inatoka kwa mafungu, kila fungu ni la siku 60 hivi, kwa hiyo mwenye kiwango kamili anapata kama 600,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Kuna wanaopangiwa pungufu ya hapo, na kuna wanaopewa vipengele vingine na kukosa vingine, hivyo fungua akaunti yako ya mkopo usome kipengele kimoja kimoja. Usipige bajeti kwa kiwango cha rumumeti.

Boom la kwanza ndilo huchelewa kwa mtu mmoja mmoja hata kama kwa wenzake limeshatoka, na sababu ni chache zinazojirudia. Hajakamilisha usajili chuoni, kwa hiyo jina lake halimo kwenye orodha ambayo chuo kinathibitisha. Jina la akaunti ya benki halifanani na la cheti cha form four. Herufi moja inatosha, Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa mfumo. Ametumia akaunti iliyolala muda mrefu na benki imeifunga. Au hajathibitisha kupokea fedha kwenye mfumo wa kidijiti ambao siku hizi umechukua nafasi ya ile foleni ya kusaini karatasi.

Dawa yake: siku ya kwanza chuoni, kabla ya kutafuta hata ndoo, maliza usajili. Beba vyeti halisi vya form four na form six, cheti cha kuzaliwa, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, picha ndogo kama nane, na kopi tatu za kila kimoja. Kopi katoe nyumbani, maana steshenari za karibu na chuo wiki hiyo zina foleni hadi barabarani. Malipo yote fanya kwa namba ya malipo uliyoitoa mwenyewe kwenye akaunti yako ya chuo. Mtu yeyote anayekupa namba ya simu umlipe ada "akusaidie" ni tapeli, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

---

Mama_Geto #5

@Dirisha_la_Mikopo asante. Mimi naongezea matumizi, maana hiyo laki sita inawaponyoka ndani ya wiki tatu.

Msigawe kwa siku 60. Gawa kwa 75. Fungu linalofuata likichelewa wiki mbili, na huwa linachelewa, wewe bado unakula. 600,000 kwa 75 ni 8,000 kwa siku. Kama umepanga geto (chumba cha mtaani) la 60,000 kwa mwezi, toa kwanza 120,000 ya miezi miwili, zinabaki 480,000, hiyo ni 6,400 kwa siku. Hiyo ndiyo hela yako halisi, na ndani yake kuna nauli, bando, sabuni na kopi.

Halafu uje na akiba ya wiki nne hadi sita kutoka nyumbani, kwa sababu chuo kikifunguliwa boom halikusubiri getini. Mzazi aambiwe hivyo mapema, wakati wa kununua sanduku.

Chakula: anayepika anaokoa, ila apike kwa mpango. Kilo ya mchele inatoa milo minne au mitano ya mtu mmoja. Maharage nusu kilo yaloweke usiku kucha, maji yale uyamwage, yachemshe mara moja ule siku tatu. Usipoloweka unachoma gesi bure. Mkiwa watatu mkachanga mtungi mmoja mdogo, wekeni daftari la zamu za kupika na kuosha. Urafiki wa geto unavunjika kwenye sufuria chafu kuliko kwenye hela.

Kwenye hosteli za chuo kupika chumbani kumekatazwa na sababu ni nyaya. Soketi moja, eksitensheni ya bei ya chini, hita ya kuchemshia maji na pasi kwa pamoja: waya unapata moto ndani ya ukuta ambako hamuoni. Msicheze na hilo.

---

Mpangaji_Changanyikeni #6

Kuhusu geto. Hosteli hazitoshi vyuo vingi. Hata Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na zile hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zenye nafasi 3,840, bado kuna wanaoishia Msewe, Changanyikeni, Makongo na Sinza.

Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kabla hujatoa hela nenda mara mbili, mchana na saa mbili usiku. Usiku ndipo utajua kama njia ina taa na kama baa ya jirani inapiga muziki hadi alfajiri. Uliza maji yanatoka siku zipi, umeme ni luku ya pamoja au ya kwako. Luku ya pamoja ni ugomvi wa kila wiki, kwa hiyo uliza inagawanywaje na mwenye friji analipa vipi. Mkataba uandikwe na nakala ubaki nayo. Risiti ya dalali siyo risiti ya kodi.

Na usipange mbali kwa sababu ya bei peke yake. Chumba kikipungua elfu ishirini lakini nauli ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, umeshalipa hiyo tofauti na zaidi, na kipindi cha saa moja asubuhi utakikosa.

---

Kimbweta_Namba_Tatu #7

Wakuu mbona hamgusi kusoma kwenyewe? Chuo ni madesa tu, yaani notsi za waliotangulia. Pata desa la mwaka jana, pata past pepa za miaka mitano, mkae kwenye kimbweta (viti vya zege vya kusomea nje) wiki mbili kabla ya UE, mnatoka. Vipindi vingine mwalimu anasoma slaidi, ya nini kwenda?

---

Rafu_ya_Vitabu #8

@Kimbweta_Namba_Tatu kwa heshima, nakupinga nusu na kukubali nusu.

Past pepa ni muhimu na zitafutwe mapema, si wiki ya mwisho. Zisome wiki ya pili ili ujue kozi inauliza nini: inataka ueleze, ulinganishe, au ukokotoe? Ukishajua, unasikiliza kipindi kwa sikio tofauti.

Desa ni jambo jingine. Ni muhtasari wa mtu mwingine wa kile alichoelewa yeye, mara nyingi umeshanakiliwa mara tano na makosa yake yamo. Msahihishaji akikuta vitabu kumi vya majibu vina sentensi moja na kosa moja, anajua chanzo. Mwalimu akibadili mfano au kitabu cha rejea, desa limeshakufa na wewe hujui.

Kinachofanya kazi hakihitaji kipaji. Kabla ya kipindi, dakika kumi na tano: pitia vichwa vya mada na maneno mapya tu. Darasani usijaribu kuandika kila neno, kasi ya mhadhara haikuruhusu. Andika mada, mfano uliotolewa, na pale ulipopotea weka alama ya kuuliza pembeni. Kisha siku hiyo hiyo, kabla hujalala, dakika ishirini za kuandika upya kwa maneno yako na kufukuzia zile alama za kuuliza. Ukiahirisha hadi Jumamosi, utakuta alama ya kuuliza hujui ilikuwa inauliza nini.

Lugha nayo. Wengi walifundishwa sekondari kwa Kiingereza cha ubaoni na maelezo ya Kiswahili. Hapa mhadhara mzima ni Kiingereza na asaimenti ni kurasa nane. Jadilianeni kwa Kiswahili mpaka mwelewe, hakuna ubaya, ila jibu la mwisho liandike kwa Kiingereza papo hapo. Anayeelewa kwa lugha moja na kuja kuiandika kwa nyingine kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha UE anaishiwa na muda.

Diskasheni iwe ya watu wanne au watano. Wakifika tisa inakuwa mazungumzo. Kila mtu aje ameshasoma, na kila mmoja afundishe kipande chake bila kutazama karatasi.

---

Kimbweta_Namba_Tatu #9

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya past pepa wiki ya pili sikuwahi kuifikiria hivyo. Vipi asaimenti za kikundi, ambapo watu kumi wameandikwa na wawili ndio wamefanya kazi?

---

Rafu_ya_Vitabu #10

Gawaneni kazi siku ya kwanza, kwa maandishi kwenye kundi la simu: jina, kipande, tarehe. Tarehe ya kukusanya vipande iwe siku nne kabla ya ile ya mwalimu, maana kuunganisha vipande vya watu sita huchukua siku mbili, na siku ya mwisho printa ya steshenari itaharibika. Asiyeleta hadi tarehe hiyo, mwambieni CR (kiongozi wa darasa) mapema, si baada ya matokeo.

Na msinakili mtandaoni. Vyuo vingi vinapitisha kazi kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi. Kubadili neno moja moja hakusaidii. Chukua wazo, litaje limetoka kwa nani na mwaka gani, kisha liseme upya. Kosa la mmoja linawapiga wote walioandikwa jina, kwa hiyo kila mtu asome kazi nzima kabla haijapelekwa.

---

Sista_wa_Zahanati #11

Samahani naingilia kati kwa jambo ambalo linawagharimu watoto wa watu mwaka mzima.

Ukiugua wakati wa mitihani, usijikongoje kuingia ili "usipoteze". Ukishaingia, matokeo ni yako. Ukifeli utafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu hata ukijibu vizuri vipi, daraja la juu kabisa utakalopewa ni C. Ila ukiugua ukaenda zahanati ya chuo kabla ya mtihani, ukapata karatasi ya daktari, ukaandika barua kwa mkuu wa kitivo kupitia idara yako na ikakubaliwa, utapangiwa mtihani maalumu, na huo unahesabiwa kama mara ya kwanza. Ukipata A inabaki A.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutotokea bila taarifa. Vyuo vingi vinahesabu huko ni kutoroka mtihani, na adhabu yake ni kuondolewa masomoni. Hata kama umelazwa hospitali ya mkoani, mtu apeleke taarifa chuoni siku hiyo hiyo, karatasi zifuate. Vilevile ukiona ugonjwa au msiba umekuzidi, unaweza kuomba kuahirisha masomo. Barua iende kabla ya mitihani. Baada ya matokeo mabaya hakuna atakayeipokea.

Bima ya wanafunzi ya NHIF imekuwa 50,400 kwa mwaka. Wasiolipa huwa wazima mpaka siku ya malaria. Lipa mwanzoni, kadi inachukua muda kutoka. Chandarua beba nyumbani, cha mstatili, vitanda vya ghorofa havikubali cha duara vizuri.

Na jambo la moyo. Wiki ya tatu hadi ya sita ndipo upweke unakaba, shamrashamra zimeisha na nyumbani ni mbali. Usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo, au ukaacha kula na kwenda darasani, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wapo kwa kazi hiyo, na mazungumzo hayaingii kwenye matokeo yako. Vikundi vya dini, kama TMCS, TAFES na USCF vya Wakristo na jumuiya za Waislamu, vinasaidia sana pia, mtu anapata pa kwenda Ijumaa au Jumapili.

---

Kibaridi_cha_Dodoma #12

Kwa wanaokuja UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma: eneo ni kubwa na ndaki (vitengo vikubwa vya masomo vya chuo) ziko mbalimbali, kwa hiyo ulizia kabisa umepangiwa ndaki ipi kabla hujashuka na mabegi, usije ukateremkia upande mwingine. Ndoo mbili zenye mifuniko za kuhifadhia maji, mafuta ya kujipaka ya mgando, na sweta. Upepo wa mwezi wa sita na wa saba hauna mzaha kwa mtu wa Pwani.

---

Dada_Mkubwa_Ilala #13

Naomba tulisemee hili waziwazi. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mhadhiri, karani au mtu yeyote mwenye mamlaka juu yako akikudai hivyo ili upate alama, chumba au nafasi, kosa ni lake.

Kinachosaidia mdogo wangu: usifute ujumbe hata mmoja, piga picha za skrini zenye tarehe na namba, zitume kwa mtu unayemwamini nje ya chuo. Usikubali kukutana nje ya ofisi na nje ya saa za kazi. Ukiitwa ofisini nenda na mwenzako. Ripoti dawati la jinsia la chuo, na TAKUKURU simu 113, ni bure. Kama alama zako zimechezewa, una haki ya kukata rufaa ili karatasi isahihishwe na mtu mwingine. Rufaa ina siku zake na ada yake, vyote vimo kwenye kanuni za mitihani alizotaja mleta uzi. Wavulana pia hudaiwa, hela au vingine. Njia ni hizo hizo.

---

Njuka_2 #14

Shikamooni wakuu. Nimesoma wote, nashukuru sana. Swali: nimechaguliwa kozi ambayo siyo niliyoitaka. Nianze kusoma au nisubiri kuhama?

---

Kengele_Haipigwi #15

Marahaba mdogo wangu. Yote mawili kwa pamoja. Dirisha la kuhama kozi ndani ya chuo hufunguliwa wiki za mwanzo tu, na unakubaliwa pale tu ufaulu wako wa form six unapotimiza vigezo vya hiyo kozi na nafasi ikawepo. Kwa hiyo kwanza linganisha vyeti vyako na mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ukiona unatimiza, peleka ombi siku ya kwanza dirisha linapofunguliwa.

Wakati huo huo hudhuria kozi uliyopangiwa, na ujisajili masomo yake kwenye mfumo. Ombi likikataliwa wiki ya nne na wewe hujahudhuria, umeshapoteza robo ya muhula na jaribio la kwanza linabisha hodi. Ukikubaliwa, mambo mawili: hakikisha mfumo umefuta masomo ya zamani na kuandika mapya, la sivyo utafanya mtihani na matokeo hayatakuwa na pa kukaa, na ripoti dawati la mikopo chuoni, kwa sababu ada ya kozi mpya inaweza kuwa tofauti na Bodi ilipanga kwa ile ya kwanza. Kuhama chuo kizima ni safari nyingine, hiyo inapitia TCU na mkopo lazima uhamishwe, usiondoke kabla barua haijatoka.

---

Dirisha_la_Mikopo #16

@Njuka_2 nyongeza moja. Kama umekosa mkopo au umepangiwa kidogo, awamu zikishatangazwa kuna dirisha la rufaa. Kinachoangusha rufaa nyingi ni viambatisho: cheti cha kifo cha mzazi kisichothibitishwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), fomu ya ulemavu isiyo na muhuri wa daktari, barua ya mtendaji isiyo na tarehe. Anza kuvikusanya sasa ukiwa nyumbani. Ukishafika chuoni, kumpata mtendaji wa kijiji kwa simu ni kazi ya wiki mbili.

Na mikopo ya simu ile ya kausha damu usiiguse wakati unasubiri. Wanachukua namba zote kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja wanampigia mama.

---

Njuka_2 #17

Nimeelewa. Kesho asubuhi naenda kwa mtendaji, na vyeti natoa kopi tatu tatu.